Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara na kwa Msajili wa Makampuni: Mwenye hisa chache naye ni mwenye kampuni

Nakala: Jaji Kiongozi wa Mahakama Kuu ya Tanzania

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Moshi. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya kampuni ndogo za binafsi, hapa mjini na Arusha: kampuni za malori, za kupandisha watalii mlimani, za shule, za nyumba za wageni, za vifaa vya ujenzi. Nyingi zilianzishwa na ndugu au na marafiki waliosoma pamoja. Walichangia mtaji, wakasaini walichoambiwa wasaini, wakaenda kufanya kazi. Miaka ya mwanzo hakuna anayeuliza nani ana hisa ngapi. Swali hilo huja siku fedha zinapoanza kuonekana.

Sina ugomvi na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika 2006 ikachukua nafasi ya ile ya kikoloni ya 1932. Kifungu chake cha 233 kinamruhusu mwanahisa yeyote, hata mwenye hisa moja, kwenda mahakamani kulalamika kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayoumiza maslahi yake isivyo haki. Ni kifungu kizuri. Shida yangu ni mahali kilipowekwa: mwisho kabisa wa safari, mbele ya Jaji wa Mahakama Kuu. Uonevu wenyewe hufanyika mwanzoni, kwenye karatasi, na karatasi hizo hupita ofisini kwenu kabla hazijafika kwa jaji yeyote. Hapo ndipo ninapoomba mkono wenu.

Niwape hesabu, maana ndiyo lugha ninayoimudu.

Tuseme kampuni ya malori ina wanahisa watatu. Wawili ni kaka, wana asilimia 70 na ndio wakurugenzi. Wa tatu ni binamu yao, aliuza kiwanja chake ili kununua lori la pili. Ana asilimia 30. Mwaka huu faida kabla ya kodi ni shilingi milioni 120. Kodi ya mapato ya kampuni, asilimia 30, inakula milioni 36, zinabaki 84. Zikigawanywa zote, fungu la binamu ni milioni 25.2, na ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 anaondoka na milioni 22.68.

Sasa wale kaka wawili wakae jioni moja wajiongezee mishahara na posho za jumla ya milioni 110. Faida inashuka hadi milioni 10. Kodi ni milioni 3, zinabaki 7. Fungu la binamu limekuwa milioni 2.1, na hata hizo hazioni, kwa sababu wakurugenzi hawakupendekeza gawio. Wameandika kwamba fedha zinabaki kukuza kampuni. Vitabuni kila kitu kimenyooka: mishahara imekatwa kodi, TRA imepata chake, mkaguzi amesaini. Mimi mwenyewe ningezifunga hesabu hizo bila kukuta shilingi iliyopotea.

Na binamu hawezi kuondoka. Katiba ya kampuni ya binafsi ni lazima iwe na masharti ya kubana uhamishaji wa hisa. Hana soko la kuziuza. Wanunuzi pekee wanaoweza kukubalika ni wale wale kaka wawili, nao hawana haraka, kwa sababu kila mwaka unaopita bila gawio unashusha bei atakayokubali.

Mchezo huu haukuanzia Kilimanjaro. Huko Uingereza, bwana mmoja Ebrahimi alifanya biashara ya mazulia kwa ubia na mwenzake Nazar, nusu kwa nusu. Mwaka 1958 waliigeuza kuwa kampuni, na baadaye kila mmoja akamega hisa zake kidogo kumpa George, mtoto wa Nazar. Hisa zikawa 400, 400 na 200. Haikupata kutolewa gawio hata siku moja. Faida yote ilitoka kama malipo ya wakurugenzi. Mwaka 1969 baba na mwana wakapiga kura zao 600 wakamwondoa Ebrahimi kwenye ukurugenzi. Hapakuvunjwa kifungu chochote. Wengi walipiga kura, wengi walishinda, na Ebrahimi akabaki na hisa 400 zisizoleta senti. Kesi ilifika mahakama ya mwisho ya Uingereza ya wakati huo, Bunge la Malodi, na mwaka 1972 ikaamuliwa kwamba nyuma ya kampuni ya namna hiyo kuna watu walioaminiana, na makubaliano yao hayafutiki kwa sababu tu wamejisajili. Kampuni ikaamriwa ifungwe.

Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, ila majaji wetu huzisoma, na maneno ya sheria yetu yana undugu wa karibu na ya kwao. Ninaitaja kwa sababu kila ninapomsimulia mteja habari za Ebrahimi, ananiuliza nimejuaje mambo ya kampuni yake.

Njia ya pili ya kumwonea mwanahisa ni mbaya zaidi, nayo ndiyo inayowahusu ninyi moja kwa moja. Ni ya kutoa hisa mpya.

Kampuni ile ya malori ina hisa 1,000, na binamu ana 300. Wakurugenzi wanaandika muhtasari wa kikao: kampuni inahitaji mtaji, hisa 4,000 zitolewe, zichukuliwe na wakurugenzi wenyewe kwa bei ile ya chini iliyoandikwa siku ya kusajili kampuni, ingawa leo kila hisa ina thamani mara nyingi zaidi. Binamu anaamka na hisa zake 300 zile zile, lakini sasa ni 300 kati ya 5,000. Asilimia 30 imekuwa 6.

Wenye sheria watakumbuka maana ya namba hizo. Azimio maalumu, lile la kubadili katiba ya kampuni, linahitaji robo tatu ya kura, kwa hiyo mwenye asilimia 30 anaweza kulizuia. Mwenye 6 hawezi. Mwenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipwa na wenye haki ya kura anaweza kuwalazimisha wakurugenzi waitishe mkutano mkuu wa dharura, na wakikataa akauitisha mwenyewe. Mwenye 6 hawezi. Jioni moja imemnyang'anya fedha, na pia silaha za kuulizia fedha hizo. Huyu sasa amebakiwa na Mahakama Kuu tu.

Na muhtasari wenyewe, waheshimiwa? Nimeona mihtasari ya vikao ambavyo havikufanyika. Nimeona jina la mtu kwenye orodha ya waliohudhuria, na siku hiyo mwenye jina alikuwa amelazwa hospitali. Karatasi ya namna hiyo hutengenezwa kwa dakika kumi. Ikishapakiwa kwenye mfumo wa usajili na kukubaliwa, inaanza kuitwa kumbukumbu rasmi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ni ya uongo unahamia kwa yule ambaye hakuwahi kuiona.

Ndugu Msajili, ninaomba jambo moja ambalo halihitaji jengo wala bajeti ya kutisha. Kila badiliko la hisa, la wakurugenzi au la katiba linapowasilishwa, liwe halikubaliki mpaka mfumo umtumie kila mwanahisa aliyeandikishwa ujumbe wa simu na barua pepe, na zipite siku kumi na nne. Usajili unafanyika kwa mtandao na wanahisa wanatambulishwa kwa namba ya NIDA. Tangu kanuni za wamiliki manufaa za mwaka 2021, kampuni zinatakiwa kueleza hata nani anafaidika nyuma ya pazia. Ikiwa dola inataka kumjua mwenye mali aliyejificha, si kazi kubwa kumtaarifu mwenye mali ambaye hakujificha.

Mwanahisa akipinga ndani ya siku hizo, simtaki Msajili awe hakimu. Ashike karatasi tu, asiipitishe, mpaka pande mbili zilete ushahidi wa taarifa ya mkutano na saini, au mmoja wao aende mahakamani. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Leo anayeonewa ndiye anayekimbilia mahakamani kuomba kilichokwisha kufanyika kitenguliwe. Kwa utaratibu huu, anayetaka kubadili ndiye atakayelazimika kujieleza kwanza.

Kuna mamlaka nyingine mnayo tayari. Kampuni inatakiwa kufanya mkutano mkuu kila mwaka, na usipite muda wa miezi kumi na mitano kati ya mmoja na mwingine. Usipofanyika, mwanahisa yeyote anaweza kumwomba Msajili auitishe au aagize uitishwe. Ni dawa ya bei nafuu kuliko zote zilizomo kwenye sheria hii, na kati ya wateja wangu sijapata hata mmoja aliyeifahamu kabla sijamwambia. Naomba iwekewe fomu yake, kwa Kiswahili, kurasa zisizidi mbili, na muda maalumu wa kujibiwa.

Kiswahili nakitaja kwa makusudi. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Katiba za kampuni ninazozikuta kwenye mafaili ya wateja ni za Kiingereza kizito, zimenakiliwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine, wakati mwingine jina la kampuni ya zamani bado limo ukurasa wa tisa. Mama aliyeweka akiba ya miaka yake yote kwenye kampuni ya shemeji zake hajui kwamba alisaini kifungu kinachowapa wakurugenzi uhuru wa kukataa kusajili uhamisho wa hisa bila kutoa sababu.

Mheshimiwa Waziri, hilo ni lako. Toa katiba ya mfano kwa kampuni za watu wachache, kwa Kiswahili, yenye kifungu cha kununuliana hisa: nani anaweza kuomba kununuliwa, mthamini anachaguliwaje, bei inalipwa kwa awamu ngapi, na kwamba hisa mpya zitatolewa kwanza kwa waliopo kwa uwiano wao. Watu wasajili kwa katiba hiyo isipokuwa wameamua vingine kwa kuandika. Ndugu wanaoanzisha kampuni wakiwa wanapendana hawakai kujadili watakavyoachana. Ni kama wachumba kuzungumzia talaka siku ya posa. Ndiyo maana serikali iwaandikie mapema.

Niseme kidogo kuhusu wajane na mabinti, kwa kuwa hapa kwetu suala hili lina sura yao zaidi. Mzee akifariki, hisa zake zinakwenda kwa msimamizi wa mirathi na kisha kwa warithi. Lakini ukoo unakaa na kuzijadili kana kwamba ni kihamba, yaani shamba la ukoo, kwamba zisitoke nje ya jina. Wakurugenzi, ambao ni kaka za marehemu, wanakataa kumwandika mjane kwenye daftari la wanahisa, na asiyeandikwa haitwi mkutanoni. Mahakama ina uwezo wa kuamuru daftari lirekebishwe. Lakini mjane huyu ametoka juzi kwenye kesi ya mirathi. Kumwambia afungue nyingine Mahakama Kuu ni kumwambia aache. Barua ya usimamizi wa mirathi ikishatolewa na mahakama, ingetosha kumwezesha apeleke mwenyewe nakala kwa Msajili na apatiwe taarifa zote za kampuni kama mwanahisa mwingine, hata kabla ya kuandikwa.

Kuna na wazee wasiotaka kuachia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Uingereza ilikuwa na kesi ya mzee Harmer, mfanyabiashara wa stempu za posta, umri umepita miaka 80. Aliwapa wanawe hisa nyingi, ila kura nyingi zilibaki kwake na kwa mkewe, akawa anaendesha kampuni kama duka lake: akafungua tawi Australia bila ridhaa ya wakurugenzi wenzake, akaajiri wapelelezi wa kuwachunguza wafanyakazi. Mahakama haikuifunga kampuni. Ilimfanya mzee awe rais wa kampuni maisha yake yote, bila kazi, bila haki wala mamlaka, na ikamkataza kuingilia. Heshima yake ikabaki na kampuni ikapona. Natamani kuiona amri ya namna hiyo ikitolewa kwa kampuni moja au mbili ninazozifahamu huku Rombo.

Amri za aina hiyo zinawezekana hapa. Kifungu cha 233 kinaipa mahakama uwanja mpana: kupanga kampuni iendeshwe vipi, kuzuia kitendo, kuruhusu kesi ifunguliwe kwa jina la kampuni, kuagiza hisa za mlalamikaji zinunuliwe na wenzake au na kampuni yenyewe. Cha 234 kinafungua njia ya mwanahisa kuomba kibali cha kufungua kesi kwa niaba ya kampuni pale wakurugenzi wanapokataa kuifungua, kwa mfano kwa sababu mwizi ni wao. Na ikishindikana kabisa, ipo hoja ya kuomba kampuni ifungwe kwa sababu ni haki na ni sawa kufanya hivyo, kama ilivyokuwa kwa Ebrahimi. Hiyo ya mwisho siipendi. Malori yakishauzwa kwa bei ya kutupa na mfilisi akajilipa, mshindi na mshindwa wanatoka mikono mitupu, na madereva nao.

Watu hawazifahamu njia hizi, ndiyo maana wanapita kwingine. Wanakwenda kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye anawaita wakurugenzi, wanakuja wamevaa suti, wanaahidi, wanarudi nyumbani. Wanakwenda polisi, wanaambiwa hili ni la madai. Wanakwenda kwa mchungaji. Wengine wanafungua kesi kwa majina yao kudai lori lililouzwa kinyemela, na wanaambiwa lori halikuwa lao, lilikuwa la kampuni, na kampuni haijalalamika. Hapo mtu huona mahakama imenunuliwa, kumbe jaji amefuata kanuni ya tangu karne ya 19.

Kwa Jaji Kiongozi, ambaye ninampa nakala kwa heshima zote, nina maombi mafupi. Maombi ya kifungu cha 233 yawekewe utaratibu wake. Siku ya kwanza mbele ya jaji, wakurugenzi waamriwe kukabidhi vitabu, mihtasari, taarifa za benki na mikataba ya ajira zao, kwa sababu mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha uonevu kwa nyaraka zilizofungiwa kabatini mwa anayemlalamikia. Pia wazuiwe kutumia fedha za kampuni kulipa mawakili wao. Ugomvi ni wa wanahisa na wanahisa. Majaji wa Uingereza walishalisemea hilo tangu miaka ya 1980. Bila zuio hilo, yule binamu wa asilimia 30 anachangia theluthi, au karibu yake, ya gharama za kupigwa mwenyewe. Na mthamini huru ateuliwe mapema, sio baada ya hukumu. Nimeshuhudia pande mbili zikipoa siku namba ya tatu, isiyo ya huyu wala ya yule, inapowekwa mezani. Arusha ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki na masjala ya Divisheni ya Biashara. Hatuhitaji kwenda Dar es Salaam kulijaribu hili.

Nisiwe wa upande mmoja. Wanahisa wachache nao wana vituko. Wapo wanaotaka kuuziana kwa bei ya ndoto kila wakikwama kifedha, na wapo wanaotishia kesi kila kampuni inapotaka mkopo. Mwaka 1999, katika shauri la O'Neill na Phillips, Bunge la Malodi lilisema wazi kwamba mwanahisa hana haki ya kuondoka na fedha zake kwa sababu tu imani imeisha. Lazima aonyeshe aliumizwa isivyo haki. Wakasema pia kwamba mwenye wingi akitoa mapema ofa ya kweli ya kununua, kwa bei iliyopimwa na mtaalamu asiyeegemea upande wowote na bila kupunguzwa kwa kigezo kwamba hisa ni chache, basi mlalamikaji hana cha kuendelea kulalamikia. Naliunga mkono hilo. Linamlinda mkurugenzi mwaminifu kuliko kumwacha aburuzwe mahakamani miaka, na linaweza kuandikwa kwenye kanuni zetu kwa aya moja.

Mkurugenzi mmoja Arusha, mteja wangu, aliposikia ninaandika barua hii alinionya kwamba siku kumi na nne zitakwamisha biashara, kwamba benki haingojei. Nilimwuliza mara ya mwisho kampuni yake kutoa hisa mpya ilikuwa lini. Akasema mwaka 2016. Na hao aliowapa taarifa walikuwa nani? Akabadilisha mazungumzo.

Rasimu ya fomu ya kumwomba Msajili aitishe mkutano, na rasimu ya kifungu cha kununuliana hisa kwa Kiswahili, ninazo tayari; nimekuwa nikiwaandikia wateja. Zina makosa ya mtu asiye mwanasheria, lakini ni pa kuanzia, na nitazipeleka katika ofisi yoyote itakayoziomba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu, Moshi